Kioo kimesagika chenyewe juani: ufa hukimbia kasi gani, na mwanga huukamataje?

Swali: *Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa vioo vya magari, Gerezani. Wiki tatu zilizopita nilimbadilishia mteja kioo cha mlango wa nyuma. Juzi karudi, kioo kimesagika chote, anasema gari lilikuwa limeegeshwa juani na hakuna aliyeligusa. Anadai nilikigonga wakati wa kukifunga. Mimi najua sikukigonga. Nikachukua vioo viwili chakavu nikavivunja huku kijana wangu anarekodi kwa simu, ule mwendo wa polepole, nione ufa unavyoanza. Sioni kitu. Fremu moja kioo kizima, inayofuata chenga tupu. Nyie wataalamu mnauonaje huo ufa, na mimi nitajuaje ulianzia wapi?*

Marahaba, mwanangu. Nianze na simu yako, maana haikukosea, imezidiwa tu.

Simu nyingi zikiwekwa kwenye mwendo wa polepole hupiga fremu 240 kwa sekunde. Kati ya fremu na fremu zinapita milisekunde 4 na ushee (milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde). Ufa ukishashika kasi ndani ya kioo cha kawaida hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Ungeupa barabara, ungetoka Ubungo hadi Kivukoni, yapata kilomita 10, kwa sekunde saba hivi, na mwendokasi pale kituoni lingekuwa bado linahangaika kufunga milango. Sasa kioo cha mlango: tuseme kina upana wa sentimita 60 nawe umekigonga katikati. Ufa una sentimita 30 tu hadi ukingoni. Unazimaliza kwa milisekunde 0.2. Yaani muda wa fremu moja ya simu yako unalimeza tukio zima mara ishirini. Hata ukiazima simu ya fremu 960 kwa sekunde, ufa unaweza kuanza na kumaliza mara tano kabla fremu ya pili haijafika.

Na tatizo si idadi ya fremu peke yake. Hata ungebahatisha fremu iangukie katikati ya tukio, lenzi ikikaa wazi kwa sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde tu, ufa unakuwa umetembea sentimita 15. Utapata ukungu. Ili ncha ya ufa ionekane kama ncha, mwanga unapaswa kuingia kwa mikrosekunde moja au chini ya hapo. Mikrosekunde ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Ndani yake ufa husogea milimita moja na nusu.

Waliopiga picha za kwanza za mambo ya kasi namna hii hawakuwa na kamera ya ajabu. Walikuwa na chumba cha giza. Unafungua lenzi gizani na kuiacha wazi. Hakuna mwanga, kwa hiyo hakuna kinachoandikwa. Kisha cheche ya umeme inaruka kati ya ncha mbili za chuma, inawaka kwa mikrosekunde moja au pungufu, inazimika. Picha ni ile iliyomulikwa na cheche. Giza ndilo linalofanya kazi ya kufunga na kufungua kamera. Mwanafizikia Ernst Mach, kule Prague katika miaka ya 1880, alizikamata risasi zikiwa hewani kwa njia hiyo, pamoja na mawimbi ya hewa zinayoyasukuma mbele yake. Flashi ya kamera ya kawaida haikufai hapa: hata ikipunguzwa hadi sehemu moja ya elfu thelathini ya sekunde, ufa unakwenda sentimita 5 wakati inawaka.

Swali linalofuata ni nani awashe cheche kwa wakati wake. Mkono hauwezi. Njia rahisi ni maikrofoni: nyundo ikigonga kioo, sauti inasafiri hewani hadi kwenye maikrofoni, nayo inaamuru cheche. Sauti huenda kama mita 345 kwa sekunde katika joto letu, kwa hiyo ukiisogeza maikrofoni sentimita moja nyuma, umechelewesha cheche kwa mikrosekunde 29, na ufa umeongeza sentimita nne na kitu. Rula ya shule inakuwa saa. Napenda sana ujanja huu kwa sababu haugharimu kitu, ingawa una kero zake. Siku moja tulikaa gizani dakika kumi, kioo kimeshafungwa, wanafunzi wamebana pumzi, mara bodaboda akapiga honi nje ya dirisha na cheche ikawaka yenyewe. Tukapata picha safi kabisa ya kioo kizima. Tangu hapo nikawa nagundisha kihisi cha mtikisiko kwenye kioo chenyewe. Mtikisiko ndani ya kioo hukimbia zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde, haujali honi.

Lakini cheche moja ni picha moja. Ukitaka kuona safari ya ufa ungevunja vioo ishirini, kila kimoja kwa kuchelewesha kidogo zaidi, halafu uzipange picha kana kwamba ni za kioo kimoja. Wewe fundi unajua hakuna vioo viwili vinavyovunjika sawa. Carl Cranz na Hubert Schardin, Wajerumani, walilimaliza tatizo hili mwaka 1929 kwa kifaa ambacho hadi leo nakiona kizuri kuliko kamera nyingi zilizokifuata, kwa sababu hakina kitu hata kimoja kinachozunguka wala kuteleza. Weka cheche nyingi zilizopangwa safu kwa safu, mara nyingi 24. Mbele yake weka lenzi kubwa, au kioo cha kuakisi kilichobonyea, kinachokusanya mwanga. Kila cheche, kwa kuwa imekaa mahali pake, mwanga wake unapita kwenye kioo kinachovunjika na kukusanywa kwenye lenzi yake ndogo, moja kati ya 24, na si kwingine. Kila lenzi ina sehemu yake ya filamu. Filamu imetulia, lenzi zote ziko wazi, na cheche zinawaka moja baada ya nyingine kwa kupishana mikrosekunde chache. Picha zinatoka 24, zote za kioo kile kile.

Schardin alitumia miaka mingi kupima vioo kwa njia hii, na alichokikuta kinakuhusu. Ukigonga polepole au ukigonga kwa hasira, ufa uliokomaa hauzidi kasi yake. Katika kioo cha dirisha ni zile mita 1,500 kwa sekunde; katika kioo cha kwatzi tupu ni karibu 2,200. Kila aina ya kioo ina kikomo chake. Kwa hesabu za nadharia ufa ungeweza kwenda kwa kasi ya mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa kioo, ambayo ni karibu mara mbili ya hapo, ila kabla ya kufika huko unapasuka njia mbili. Nguvu ya ziada haiongezi mwendo, inaongeza matawi. Ndiyo maana kioo kilichogongwa sana kina vipande vingi, na ndiyo maana kwenye ushahidi wako tutatafuta matawi.

Kamera za kidijitali za leo zinapiga mamilioni ya fremu kwa sekunde bila cheche nyingi, lakini zinahifadhi picha ndani ya kihisi chenyewe, mia moja au mia mbili na ushee, basi kumbukumbu imejaa. Kwa fremu milioni 5 kwa sekunde, picha 256 zinaisha ndani ya mikrosekunde 51. Kwa hiyo bado tunahangaika na lile lile la nani aamuru lini.

Labda umejiuliza ufa unaonekanaje wakati kioo ni angavu. Unaonekana kama kivuli. Kuta mbili za ufa zinaachana kidogo sana, unabaki uwazi katikati, na mwanga ukifika hapo unarudishwa badala ya kupita. Mbele kabisa kwenye ncha kuna jambo la ziada: kioo kinavutwa kwa nguvu hadi uso wake unabonyea kidogo kama godoro lililokaliwa, na kibonyeo hicho kinautawanya mwanga, kinaacha doa jeusi la mviringo kwenye picha. Mwaka 1964 Peter Manogg alionyesha kwamba ukipima kipenyo cha doa hilo unapata nguvu inayoufungua ufa. Unapima doa la kivuli kwa rula, unajua mvutano kwenye ncha ambayo hakuna kifaa kingeweza kuigusa.

Sasa njoo kwenye njia ambayo wewe mwenyewe unaweza kuifanya leo jioni. David Brewster, Mskoti, aligundua kwenye mwaka 1815 kwamba kioo kikibanwa au kuvutwa kinaugawa mwanga pande mbili, upande mmoja unachelewa kuliko mwingine. Kwa macho huoni. Lakini ukikiweka kioo kati ya polaraiza mbili, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, sehemu zenye mkazo zinawaka rangi au zinang'aa, na sehemu tulivu zinabaki nyeusi.

Polaraiza unazo. Skrini ya kompyuta ya LCD inatoa mwanga uliokwisha kuchujwa. Fungua ukurasa mweupe, vaa miwani ya jua ya polaraizi, ile halisi. Izungushe mbele ya jicho mpaka skrini igeuke nyeusi. Isipogeuka, uliuziwa miwani ya rangi tu. Halafu weka kati ya skrini na miwani rula ya plastiki: utaona rangi kama mafuta juu ya maji. Weka kipande cha kioo cha dirisha la nyumba: kitabaki cheusi. Weka kioo kizima cha mlango wa gari ambacho ni tempa, yaani kilichokazwa kwa moto na hewa ya baridi: utaona mawingu na madoadoa meupe. Hayo ni makovu ya kiwandani, mahali pepo za baridi zilipokipiga. Wala huhitaji skrini kila mara. Jua linapozama upande wa Kibaha, mwanga wa anga la kaskazini na kusini unakuwa umechujwa na hewa yenyewe. Tazama kwa mshazari kioo cha nyuma cha gari lolote kwenye foleni, madoa yamejipanga safu kwa safu.

Ukiunganisha polaraiza na kamera ya Schardin unaona kitu ambacho mimi nilipokiona mara ya kwanza nilinyamaza. Nyundo inagusa, na kabla ya ufa wowote kutokea, duara za mwanga zinatawanyika kama kwenye kidimbwi kilichotupiwa jiwe. Hayo ni mawimbi ya mkazo. Yanafika ukingoni, yanagonga, yanarudi, na wakati mwingine yanaanzisha ufa mpya upande wa pili, mahali ambapo nyundo haikukaribia hata kidogo. Kule Freiburg, Ujerumani, katika taasisi inayobeba jina la Mach, wamepiga bamba za kioo kwenye ukingo na kuonyesha sehemu mpya za kuvunjika zikizuka mbele ya ufa mkuu. Kwa hiyo kovu lililo mbali na mahali palipogongwa halithibitishi kwamba kuna aliyegonga mara mbili.

Tuje kwenye kioo chako. Kioo cha tempa kinapashwa moto zaidi ya nyuzi 600, kisha kinapulizwa hewa pande zote mbili. Ngozi, yaani tabaka la nje, inapoa na kuganda kwanza. Tumbo, yaani sehemu ya ndani, linapoa baadaye, linataka kusinyaa, ngozi inakataa. Matokeo yake ngozi inabaki imegandamizwa na tumbo limevutwa, maisha yote ya kioo. Ngozi hiyo inachukua karibu moja ya tano ya unene kila upande. Kwa kioo cha milimita 4 ni kama milimita 0.8. Mkwaruzo wa juu juu haufanyi kitu kwa sababu mgandamizo unaubana. Ukipenya hadi kwenye tumbo, ufa hauhitaji tena nyundo: nguvu ya kuvunja iliwekwa tanuruni, imelala humo inasubiri.

Kuna mchezo wa zamani unaoonyesha hili. Ukidondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji unapata tone lenye mkia mwembamba. Matone hayo yaliletwa mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mwaka 1661 na yanaitwa matone ya Prince Rupert. Kichwa chake unakipiga nyundo hakivunjiki, mkia ukiukata tu tone zima linakuwa unga. Mwaka 1994 Chandrasekar na Chaudhri waliyapiga picha za kasi wakaona ufa ukipanda kutoka mkiani kwa mita 1,450 hadi 1,900 kwa sekunde, na mwaka 2017 watafiti hao pamoja na wenzao wa Estonia walitumia ule ule mwanga wa Brewster kupima mgandamizo wa ngozi ya kichwa: hadi megapaskali 700 hivi. Kioo cha mlango kina mgandamizo mdogo kuliko huo kwa mbali, ila ni ndugu wa tone hilo.

Kwa hiyo jua la Dar peke yake halivunji tempa iliyo nzima. Inahimili tofauti ya joto ya karibu nyuzi 200. Ila hapa nitakuudhi kidogo. Wewe hukukigonga, nakubali. Lakini je, klempu au bolti ililala juu ya kioo bila mpira? Kibanzi kidogo ukingoni, kilichofika karibu na tumbo, kinaweza kukaa siku kadhaa bila kusema neno. Mwaka 1967 Sheldon Wiederhorn alionyesha kwamba mvuke wa maji unakula ncha ya ufa: ufa uliovutwa kidogo unatambaa polepole mno, na hewa ikiwa na unyevu zaidi unatambaa haraka zaidi. Nasi tunaishi kando ya bahari. Mlango unabamizwa kila siku, chuma kinatanuka juani, ncha inasogea kidogo kidogo, na saa nane mchana gari likiwa halina mtu inafika tumboni. Mteja anaweza kuwa anasema kweli, nawe unasema kweli, na bado chanzo kikawa kwenye kazi yako, au kwenye usafirishaji kabla hakijakufikia.

Kipimo kiko kwenye chenga zenyewe. Kioo kikivunjika kinajipiga picha chenyewe, kwenye kuta za ufa. Helmut Wallner alieleza mwaka 1939 mistari ya mawimbi inayoonekana humo: ufa unapokimbia, mawimbi ya mkazo yanaupita na kuutikisa, nao unaandika kila mtikisiko. Mjerumani mwingine, Frank Kerkhof, akaigeuza kuwa saa: alikitikisa kioo kwa mawimbi ya ultrasoniki, yaani sauti isiyosikika kwa sikio, ya mapigo milioni moja kwa sekunde huku kikivunjika, akapima umbali kati ya mstari na mstari. Ukikuta milimita moja na nusu, ni mita 1,500 kwa sekunde, bila kamera yoyote. Wewe unachohitaji ni lenzi ya fundi saa na tochi ya kumulika kwa mshazari. Mistari hiyo mara nyingi imetuna kuelekea upande ufa ulikokwenda. Mgongo wake unatazama mbele, tumbo linatazama ulikotoka.

Njia rahisi zaidi ni matawi. Kila ufa unapogawanyika unaacha herufi Y, na mguu wa Y unaelekeza kwenye chanzo. Kama kioo cha mteja kilikuwa na tinti, chenga bado zimeshikana: usizing'oe. Piga picha pande zote, halafu fuata miguu ya Y kurudi nyuma. Ikikusanyika katikati ya kioo na pana kibonyeo cha jiwe, kuna kitu kilikigonga. Ikikusanyika ukingoni, tazama hapo kwa lenzi. Zikiwa chenga zimeshafagiliwa kwenye ndoo, hakuna mtaalamu atakayekusaidia, nami nisingekushauri kubishana.

Kioo cha mbele ni habari nyingine, kina karatasi ya plastiki katikati ya vioo viwili na ule ufa wa nyota unabaki kukuhadithia. Watafiti wa Ufaransa mwaka 2013 walionyesha kwamba miguu ya nyota huongezeka na kasi ya kilichogonga: kasi ikizidi mara nne, miguu huwa karibu mara mbili.

Rudia jaribio lako hivi. Chukua kioo chakavu cha mlango, kibandike tinti au selotepu pana pande zote mbili, kifunge kwenye fremu ya mlango kama unavyomfungia mteja, vaa miwani ya kulehemu iliyo angavu na glavu za ngozi, kisha kigonge ukingoni kwa ncha ya msumari mgumu. Simu iache mfukoni. Fuata miguu ya Y mpaka uizoee, halafu ndipo uende kwenye kioo cha ugomvi. Ukinitumia picha, nitumie na ya klempu zile mbili za chini. Nataka kuona mpira uliouweka kati ya chuma na kioo.